Mkutano wa Nje ya Lango

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kofia ya pikipiki kabla ya kupewa kiti. Meneja wa Tawi la Migori, mzee mnene aliyependa kumaliza maneno upesi, aliisukuma kofia ile juu ya meza akasema, "Kiti ni cha mhasibu. Afisa wa mikopo akikaa hapa ataona nini?" Nikaichukua, nikaivaa. Ilikuwa kubwa, ikanishuka mpaka kwenye nyusi, na makarani wakaangua kicheko. Nilikuwa msichana wa Kikuria kutoka Kehancha, miguuni nina viatu vya kisigino nilivyoazima kwa dada, na pikipiki sijawahi kuiendesha. Mume wangu Mwita, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyenifundisha jioni hiyo kwenye uwanja wa mpira. Alikimbia kando yangu akipiga kelele, "Breki, Boke! Breki!" huku watoto wa shule wakishangilia kila nilipoanguka.

Nawaandikia nyinyi mnaoifanya kazi hii leo kwa simu, mkiwa mmekaa kivulini. Siwalaumu. Lakini mkiniuliza sisi tuliifanyaje, nitawajibu kwa urefu, na atakayechoka aende zake.

Mfuko wetu ulikuwa mdogo na ulikuwa na kazi moja tu: kumwezesha fundi aanze kujitegemea. Si mkulima, si mwenye duka. Fundi wa kutengeneza vitu vilivyoharibika, mtu aliyejifunza kazi chini ya mwingine na sasa anataka kufungua kibanda chake mwenyewe. Wa baiskeli, wa redio, wa cherehani, na baadaye wa simu na pikipiki. Pesa za kuanzia hatukumpa mkononi. Tulikwenda naye dukani, akachagua vifaa, sisi tukamlipa mwenye duka. Huo tuliuita mtaji wa vifaa. Wengi walinung'unika, wakasema tunawafanya watoto. Lakini yeyote aliyeishi huku anajua mambo yalivyo: noti zikilala nyumbani, kesho yake ndugu wamefika na habari ya matanga, nawe utawaambia nini? Spana haichangwi matangani.

Yule Meneja wa Tawi alinifundisha swali moja ambalo nimelitumia maisha yangu yote. "Fundi usimuulize anataka nini," aliniambia. "Ukimuuliza hivyo atakuambia bango. Muulize ni kazi gani inamjia akairudisha." Nilidhani ni maneno tu ya mtu mkubwa. Ala! Nilipoanza kuzunguka niliona ni kweli tupu. Kila niliyemtembelea alitaka bango lenye jina lake kwa rangi nyekundu, halafu spika ya muziki, halafu, akikumbuka, spana. Nikimuuliza swali la Meneja anakuna kichwa. Fundi mmoja wa baiskeli hapo Migori alifikiri muda mrefu, akasema, "Mtu akija na fremu imevunjika, mimi namtuma kwa yule wa ng'ambo. Sina mashine ya kuchomea." Basi, hapo hapo tukajua mtaji wake ununue nini. Hiyo tuliiita kazi inayorudishwa, na ndiyo iliyokuwa kipimo chetu.

Kutoka Migori nilihamishwa Rodi Kopany, kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo. Pale mkubwa wangu alikuwa Msimamizi wa Kanda, mama mrefu, mkali, aliyekuja siku za soko. Ndiye aliyenifundisha dhamana ya kikundi. Fundi anayeanza hana hati ya shamba ya kuweka rehani. Shamba ni la baba yake, na baba yu hai. Kwa hiyo tuliwafunga mafundi watano pamoja, kila mmoja na kazi yake, wadhaminiane. Mmoja akishindwa, wenzake wanabeba. Kabla ya yeyote kupata hata bisibisi, walipaswa kukutana nyumbani kwa kila mwanachama, kwa zamu. Msimamizi alisema kwa sauti ile yake ya kugonga meza, "Unamdhamini mtu ambaye hujui analala wapi? Kunywa chai kwake kwanza." Alikuwa na sababu. Kulikuwa na kikundi kilichojuana sokoni tu, na mmoja alipopata vifaa alivuka mpaka wa Tanzania navyo, wenzake wakabaki wakiulizana kwao ni wapi.

Kanuni ilikuwa hivyo: mkutano ni ndani ya boma la mwanachama, na asiyekuwemo hayupo. Akikosekana mmoja, kikundi kinavunjwa chote. Niliiamini kanuni hiyo nikaifuata miaka mingi bila kuitilia shaka, mpaka nilipohamishiwa Homa Bay.

Homa Bay nilimkuta Msimamizi wa Mikopo, kijana wa suti, amesoma sana, na simsemi vibaya kwa hilo, mikopo aliijua. Kikundi changu cha kwanza pale kiliongozwa na fundi wa baiskeli, mzee anayeitwa Okeyo. Watu walimwita Jaduong', ambalo ndilo jina la heshima la mzee kwa Wajaluo. Alikuwa na fundi wa simu, kijana aliyejiita Daktari, mchomeleaji mmoja asiyesema, fundi wa cherehani aliyekuwa hodari wa kucheka, na mwanamke mmoja, Siprosa, fundi wa injini za boti.

Ndiyo, mwanamke, na injini za boti. Mumewe alikuwa fundi mashuhuri pale ufuoni, na Siprosa alifanya kazi kando yake tangu alipoolewa. Huku mwanamke huitwa kwa alikotoka, na yeye alikuwa Nyar Lambwe, binti wa Lambwe. Mimi nami hawakuchelewa kunibandika jina: Nyar Kuria.

Mkutano wa kwanza ulikuwa nyumbani kwa Jaduong' Okeyo. Mke wake alipika chai ya maziwa na viazi vitamu, tukakaa sebuleni chini ya kalenda za kanisa. Nikaanza kuita majina. "Okeyo?" Nipo. "Daktari?" Nipo, madam. Nikafika kwa Siprosa, kimya. Nikaita tena. Ndipo sauti ikatoka mbali, nje kabisa, kwenye lango la ua wa minyaa.

"Nipo!"

Nikasogea dirishani. Alikuwa amesimama nje ya lango, leso begani, viatu mkononi, kama mtu anayesubiri kuitwa. Nikamwambia aingie, chai inapoa. Akajibu, "Niko sawa hapa, madam. Endeleeni tu, nasikia." Nikageuka kuwatazama wenzake. Kila mmoja alikuwa anatazama kikombe chake. Hata yule wa cherehani hakucheka.

Jaduong' alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki. "Nyathina," akasema, maana yake mwanangu, "wewe ni mgeni huku, acha nikuambie. Yule mama mume wake alifariki, na mambo ya mila hayajaisha. Sisi tunasema yeye ni chola. Mpaka ukoo umalize mambo yake, haingii nyumba ya mtu. Akiingia, na mtoto wa hapo akaugua, itasemwa ni yeye."

"Na yatamalizwa lini?"

Akashusha pumzi. "Hapo ndipo kuna shida."

Kesho yake nikamfuata Siprosa ufuoni. Wanawake walikuwa wanaanika omena, dagaa wa ziwani, na yeye alikuwa amechutama mbele ya injini iliyoegemezwa kwenye gogo, anasafisha kabureta kwa bisibisi moja na kitambaa. Nikamuuliza swali langu: kazi gani unairudisha?

"Karibu zote," akasema. Hakunitazama. "Plagi nafanya. Kabureta nafanya. Lakini hili gurudumu zito la juu halitoki bila pula yake, kile chuma cha kulivutia, na mimi sina. Spana naazima kwa wavuvi. Wakienda majini, nakaa."

"Marehemu hakuwa na vifaa?"

Hapo akaweka bisibisi chini. "Alikuwa na sanduku zima. Shemeji yangu alilichukua siku ya pili baada ya kuzika, akasema analiweka vizuri. Madam, unajua mila inataka nini. Kuna mtu wa ukoo anapaswa kuingia nyumbani kwangu kama mume, ndipo nimalize. Wamemchagua huyo huyo. Ameniambia sanduku litarudi siku atakayoingia yeye." Akaifuta mikono yake polepole. "Ndiyo maana nataka vifaa vyangu. Nikiwa navyo ninaweza kungoja. Nisipokuwa navyo, watoto watakula nini? Nitamkubali tu."

Sasa nilielewa. Huyu mama hakuwa anaomba mtaji wa kibanda peke yake. Alikuwa anaomba nafasi ya kukataa. Nikakasirika, na nikikasirika mdomo wangu hukimbia. Nikamwambia, "Mama, si uingie tu mara moja, unywe hiyo chai, tupige muhuri, tumalize? Nani atakukamata?"

Akanitazama kwa upole ulioniuma kuliko matusi. "Wewe utaondoka na pikipiki yako. Mimi nitabaki hapa. Mjukuu wa Jaduong' akikohoa wiki ijayo, nani ataniletea injini? Na hata mimi mwenyewe mila siichezei, madam. Mama yangu aliishika, nyanya yangu aliishika. Mila sijakataa. Nimekataa mtu."

Orodha yake ya vifaa ilikuwa fupi: seti ya spana, pula, turubai, na pipa kubwa la chuma. Nikamuuliza pipa ni la nini, akanieleza bila kunidharau kwamba injini ya boti hupozwa na maji, ukiiwasha kavu unaiua. Fundi huisimamisha ndani ya pipa la maji, akaiwasha, akaisikiliza, ndipo akamrudishia mwenyewe. Wanaume wangeweza kuijaribu ziwani, lakini yeye kwenye boti hakanyagi. Wavuvi wa pale hawapendi. Pipa lilikuwa ziwa lake.

Nikaipeleka orodha ofisini. Msimamizi wa Mikopo aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Pipa? Madam Boke, tunafadhili chang'aa siku hizi?"

Makarani wote wakageuka. Nami msinilaumu kwa kucheka, kwa sababu kwetu huku pipa la chuma kando ya maji kweli lina sifa moja tu, ya kupikia pombe haramu. Nikamweleza habari ya injini. Akakubali. Halafu nikamweleza habari ya lango, na hapo akavaa miwani tena.

"Alikuwa ndani au hakuwa ndani?"

"Alikuwa langoni. Aliitika."

"Langoni si ndani. Mimi si mtu mbaya, Madam Boke, lakini leo nikikubali langoni, kesho mtu ataitika kwa simu. Kanuni hii ililetwa na hasara, unaijua." Akaikunja orodha. "Nitakuja mwenyewe kwenye mkutano ujao. Nikiona hayumo, navunja kikundi."

Nilikwenda nyumbani na moyo mzito. Kikundi kikivunjwa, watano wote wangerudi mwanzo. Mchomeleaji alikuwa amekwisha acha kazi kwa tajiri wake, na Daktari alikuwa amelipia kodi ya kibanda kitupu. Nikamwambia Mwita habari yote tulipokuwa tunakula. Alikuwa mtu wa kusahihisha madaftari huku anasikiliza, na alisikiliza hivyo hivyo, kalamu nyekundu mkononi. Mwishoni akauliza, "Hao wenzake wanasemaje?" Nikagundua sikuwa nimewauliza. Asubuhi nikapita kwa Jaduong' nikamwambia mkubwa anakuja, na amesema nini. Akakaza nati ya gurudumu alilolishika, akasema tu, "Tumesikia."

Mkutano ulipangwa nyumbani kwa mchomeleaji, kwa baba yake hasa, boma kubwa lenye nyumba za mabati. Nilipofika na Msimamizi, yeye kwa gari la ofisi na mimi nyuma yake nikila vumbi, niliona kitu ambacho sijakisahau. Lango lilikuwa wazi, na nje yake, kwenye majani ya kando ya njia, viti vilikuwa vimepangwa duara. Viti vya plastiki, vigoda, na benchi moja la kanisa. Jaduong' Okeyo alikuwa amekaa, na mchomeleaji, na Daktari, na yule wa cherehani, na katikati yao Siprosa, mikono mapajani. Mke wa mchomeleaji alikuwa anatoka ndani na birika.

"Mbona nje?" Msimamizi akauliza.

"Ndani kuna joto," akajibu Jaduong'.

Hapakuwa na joto. Mawingu yalikuwa yamejikusanya juu ya ziwa, meusi, na upepo ulikuwa unageuza majani. Msimamizi aliyatazama mawingu, akamtazama Siprosa, akakaa kwenye ukingo wa kiti alichopewa. Watu waliokuwa wakipita walisimama kusalimu. Mmoja wao alikuwa yule shemeji. Nilimjua kwa jinsi Siprosa alivyoinamisha macho. Akasimama mbele yetu, mikono mfukoni, akacheka.

"Mikutano ya barabarani sasa? Kama wauza nyanya?"

"Pita salama, ndugu yangu," akasema Jaduong', kwa adabu kamili, wala hakumwangalia. Hakuna mwingine aliyemjibu. Alisimama hapo mpaka kicheko chake kikamwishia mdomoni, akaenda.

Mvua haikutungoja. Ilianza kwa matone makubwa, yale yanayoumiza, halafu ikamwagika. Nilisimama kwa mazoea ya mtu yeyote mwenye akili, niingie ndani. Msimamizi alikuwa amekwisha kimbia mpaka kibarazani, viatu vyake vimejaa tope. Kutoka hapo akageuka kuwaita wengine.

Hawakuja. Jaduong' Okeyo alifungua mwavuli wake wenye kijiti kilichovunjika, akauinamisha upande wa Siprosa. Daktari alivua jaketi akafunika begi lake la vifaa, yeye mwenyewe akabaki na fulana. Yule wa cherehani, nawaambia, alikuwa anacheka kwa sauti, maji yakimwingia mdomoni. Mchomeleaji, ambaye lilikuwa boma la baba yake mwenyewe, na kitanda chake kikavu kikionekana kwa mlango ulio wazi, hakuinuka.

"Ingieni!" Msimamizi akapaza sauti. "Mnanyeshewa bure!"

"Mkutano haujaisha, bwana," Jaduong' akamjibu. "Hujaita majina."

Siprosa alikuwa analia. Na mvua ile haikuficha kitu, msiamini wanaosema mvua huficha machozi. Akasema, "Ingieni tu jamani, mimi nitaitikia kutoka hapa." Na yule mchomeleaji, mtu ambaye sikuwa nimemsikia akisema zaidi ya nipo, akasema, "Nyar Lambwe, kaa."

Mimi nilirudi kwenye kiti changu. Kilikuwa kimejaa maji na nikakaa hivyo hivyo.

Msimamizi alisimama kibarazani muda mrefu. Sijui aliwaza nini, hakuwahi kuniambia. Mwishowe akatoa kalamu mfukoni, akaanza kuita majina kwa sauti ya juu ili asikike. "Okeyo?" Nipo. Wakaitika mmoja mmoja. Halafu akafika kwa Siprosa.

"Siprosa?"

"Nipo."

Akaandika. Akafunga kalamu, akakimbilia gari bila kuaga. Kesho yake ofisini alipita karibu na meza yangu, kwa wakati huo nilikwisha pewa meza, akasema bila kusimama, "Nenda dukani na yule mama. Na pipa liwe jipya, lisiwe linanuka."

Tulikwenda. Siprosa alizishika spana moja baada ya nyingine, akizipima uzito, akarudisha mbili akadai zilikuwa laini. Mwenye duka alikereka. Pipa tulilifunga kwa kamba juu ya mkokoteni, na njia nzima watu walitupigia kelele wakiuliza pombe itaiva lini. Siprosa akawajibu kwamba injini zao ndizo zitakazolewa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akifanya utani.

Injini ya kwanza aliyoiwasha ndani ya pipa lile nilikuwepo. Ilikohoa, ikatema moshi, ikashika. Maji yakarukaruka yakatulowesha miguu, na mvuvi mwenye injini, aliyekuwa amekunja uso tangu alipofika, akakunjua uso. Siprosa aliinamisha sikio kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto. Kisha akaizima, akasema bei.

Sanduku la marehemu halijarudi mpaka leo, wala hakuliulizia. Mambo ya mila aliyamaliza baadaye na wazee wa ukoo, kwa wakati wake na kwa mtu aliyemkubali yeye, na hayo si yangu kuyaandika. Ninachojua ni kwamba siku moja Jaduong' aliniita kwake, nikamkuta Siprosa sebuleni, chini ya zile kalenda za kanisa, na samaki mkubwa ameletwa jikoni. Alikuwa anakunywa chai. Alikunywa kikombe baada ya kikombe, na mke wa Jaduong' alimimina bila kuuliza. Nilitoka nje kidogo nikapangusa macho, halafu nikarudi nikadai kikombe changu.

Nilifanya kazi Homa Bay mpaka nikastaafu. Wakubwa walikuja wengine, Meneja huyu na Msimamizi yule, wengi wao watu wazuri. Mikutano ya bomani ilikuja kufutwa. Vikundi vikafutwa. Siku hizi fundi anaomba kwa simu na jibu linamrudia kabla hajafunga mlango wa kibanda chake, na simu haijui kama ananunua pula au bango. Mara nyingine nafikiria kwamba Siprosa angepata pesa zake hivyo akiwa amekaa kwake, hakuna anayemwambia aingie nyumba ya mtu. Kwake ingekuwa rahisi, nakubali. Lakini nani angekaa naye mvuani? Nimelifikiria swali hilo sana tangu nistaafu.

Nimelifikiria zaidi tangu Mwita aniache. Alianguka shambani mwaka wa kwanza wa kustaafu kwangu, hapa kwetu Kehancha, tulipokuwa tumeanza kuzoeana upya kama watu wasio na kazi. Tulimzika. Watu walikuja, wakala, wakaondoka. Halafu nikafunga lango. Sisi Wakuria tuna taratibu zetu za mjane, nami nilizitimiza, lakini zilipokwisha sikulifungua. Sikutaka pole ya mtu. Wanangu walipiga simu nikawaambia niko sawa. Soko sikwenda, kanisani sikwenda. Majirani walibisha hodi mpaka wakachoka. Madaftari ya mwisho aliyoyasahihisha Mwita, ya watoto wa jirani, yalikuwa bado mezani na kalamu nyekundu juu yake, nami nilipita kando yake kila siku bila kuyagusa.

Asubuhi moja nilisikia sauti za watu nje, na viti vikiburutwa. Nikachungulia kwa pazia. Walikuwa nje ya lango langu, kando ya njia, wanapanga viti duara. Viti vya plastiki, vyao wenyewe, vilivyofungwa kamba juu ya gari la kukodi kutoka Homa Bay. Jaduong' Okeyo, amezeeka mpaka anashikwa mkono. Daktari, mwenye kitambi sasa. Mchomeleaji. Yule wa cherehani. Na Siprosa, mikono yake myeusi kwa mafuta ya injini hata siku ya safari. Hawakubisha hodi. Hawakuniita nitoke. Walikaa tu, na mke wa jirani yangu, aliyeshangaa kama mimi, akawaletea maji ya kunywa.

Siprosa akasimama. Akaita kwa sauti ile ya kushinda injini.

"Jaduong' Okeyo?"

"Nipo."

"Daktari?"

"Nipo."

Akawaita wote. Waliitika wote. Halafu akageukia nyumba yangu, na hakupaza sauti zaidi.

"Nyar Kuria?"

Nilikuwa nimeshika pazia kwa mikono yote miwili. Wakangoja. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyesogeza kiti. Wangengoja mpaka jioni, nawajua.

"Nyar Kuria?"

"Nipo," nikasema. Halafu nikasema tena, kwa nguvu, wanisikie huko nje. "Nipo!"

Nikachukua kigoda cha Mwita kutoka jikoni, nikafungua lango, nikaenda kukaa nao.